Uongozi wa Timu za Uchimbaji Kolwezi

Kabla ya ukoloni, mafundi wa Katanga, eneo la Kongo ulipo mji wa Kolwezi, walisubiri kiangazi, wakachimba malakiti, madini yenye shaba, na kuyayeyusha kwenye tanuru za udongo wa kichuguu, shaba ikamiminwa kwa umbo la msalaba. Fundi mkuu, mwenye dawa za kimila, ndiye aliyeongoza. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilitwaa migodi. Kampuni ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines, ikairithi 1967.

Mgodi wa Kamoto, wa Gécamines mjini Kolwezi, uliporomoka 1990, na kazi za mshahara zikapungua vibaya. Sheria ya madini ya 2002 iliruhusu uchimbaji wa mikono. Katika timu ndogo za wachimbaji wa mikono, mfadhili hutoa chakula, kamba na tochi kabla madini hayajaonekana, kisha mauzo hugawanywa. Kiongozi anayestahili heshima hupima magunia mbele ya wote, na mvua ikinyesha huwatoa watu shimoni, hata kwa hasara. Tangu 2018 sheria huwataka wachimbaji hao wawe wanachama wa ushirika.