Fedha za Kujengea Shule na Macho ya Wenyewe

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kisumu akaifuata njia kuu iendayo Kakamega hufika Kondele, na upande wake wa kuume huiona mitaa iliyosongamana, na mmoja wa mitaa hiyo ni Migosi. Hauna jambo la ajabu la kumwonyesha mgeni. Zimo nyumba za kupangisha, maduka na makanisa, na asubuhi njia zake hujaa watoto waliovaa sare za shule. Lakini mtaa huu una tabia yake. Viwanja vyake viligawiwa watu wa mapato madogo kwa mpango wa viwanja na huduma: njia zilichorwa, maji yakaletwa, kisha kila mwenye kiwanja akaachiwa ajijengee kwa nguvu zake. Kwa hiyo Migosi ni mtaa wa watu waijuao saruji. Wazee wengi wa hapa waweza kukwambia, bila kutazama karatasi, ukuta wa chumba kimoja hula mifuko mingapi, na fundi akizidisha mchanga hujulikana kabla jua halijachwa.

Hata hivyo mzee huyo huyo apitapo penye darasa la shule ya umma linalojengwa kwa fedha za serikali, hupita kimya kama apitaye penye nyumba ya jirani asiyejuana naye. Hahesabu kitu. Ilikuwaje basi macho makali namna hii yakafumba mbele ya jengo ambalo ni lake kuliko nyumba nyingi alizozijenga? Jibu ni refu kidogo, nalo linaanza kabla Migosi haijawa mtaa.

Mwaka 1920 nchi hii ilifanywa koloni la Uingereza, na kodi ya watu ikapandishwa. Tarehe 23 Desemba 1921 watu wengi walikusanyika Lundha, katika nchi ya Gem, wakaanzisha chama cha vijana wa Kavirondo, ambacho wengi walikijua kwa jina la Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Mwenyekiti wake alikuwa Jonathan Okwiri, naye alikuwa mwalimu. Walidai kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, na nchi isiitwe koloni. Pamoja na madai hayo waliweka dai jingine ambalo vitabu vingi hulipita upesi: walitaka serikali ijenge shule katika Nyanza ya Kati. Wakati huo shule karibu zote zilikuwa za misheni, na serikali ilipokea kodi ya vibanda mwaka baada ya mwaka bila kuonyesha kilichonunuliwa kwayo. Julai 1922 Gavana Northey alikutana nao Nyahera, mahali ambapo si mbali na Migosi, na baadaye kodi ikashushwa kutoka shilingi 16 hadi shilingi 12. Shule haikuja upesi kama punguzo la kodi.

Mwaka 1923 chama hicho kikapata kiongozi mpya, Archdeacon Owen wa misheni ya Kianglikana, na jina jipya lililotaja maslahi ya walipa kodi. Ni kweli kwamba chini ya Owen wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti, na wako waandishi wa historia wanaosema kwamba kwa njia hiyo makali ya chama yalipunguzwa makusudi. Sipingi. Lakini nalipenda neno lile, walipa kodi. Mtu ajiitaye mlipa kodi amekwisha kuuliza nusu ya swali.

Nusu ya pili ilikuwa ngumu. Tangu mwaka 1925 serikali iliweka mabaraza ya wenyeji katika wilaya, na mabaraza hayo yakapewa ruhusa ya kutoza ushuru kwa mambo ya wilaya yenyewe: njia, zahanati na, kwa pupa kubwa, shule. Fedha zilitoka mikononi mwa watu, na wazee wa baraza waliijua kila senti ilikotoka. Lakini mwenyekiti wa baraza alikuwa DC mwenyewe, na makadirio ya matumizi hayakuwa na nguvu mpaka yakubaliwe na wakubwa wake. Mwaka 1934 zikaja bodi za elimu za wilaya, ambamo serikali, misheni na wajumbe wa wenyeji walikaa pamoja kugawanya misaada. Wajumbe wa Kiafrika walisema sana ndani yake, wala hawakuwa wajinga wa hesabu. Walichokosa ni neno la mwisho. Kwa hiyo kizazi kizima kilizoea jambo hili: kuchanga ni kazi yetu, kukagua ni kazi ya Bwana Mkubwa.

Tarehe 1 Juni 1963 Jomo Kenyatta alilitoa neno harambee mbele ya taifa, nayo kazi iliyokuwa ikifanyika vijijini kwa majina mengine ikapata jina moja. Pwani yote ya Ziwa, kama kwingineko Kenya, shule za sekondari zilianza kuota. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 shule za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Msomaji kijana, asiyeziona siku hizo, asidhani kwamba zilijengwa kwa hotuba. Kina mama walibeba maji na mawe kichwani. Asiyekuwa na fedha alileta kuku, na kuku yule alinadiwa hapo hapo chini ya mti mpaka akavuka bei ya mbuzi. Mweka hazina alikuwa na daftari la shule lenye mistari, na majina yalisomwa kwa sauti, kila mtu akalisikia lake na la jirani yake.

Huo ulikuwa ukaguzi, ingawa haukuitwa hivyo. Mama aliyebeba mawe ishirini hahitaji kufundishwa kuuliza msingi umefika wapi. Sisemi kwamba hapakuwa na wizi. Palikuwa na waweka hazina waliohama usiku. Lakini walijulikana, na watoto wao walitajiwa jambo hilo.

Kisha mambo yakageuka polepole. Akaingia mgeni wa heshima. Naye alikuja na bahasha nene kutoka Nairobi, za kwake na za rafiki zake, na mchango wa kuku ukawa jambo la kuchekwa. Nani angesimama mbele ya umati kumwuliza mgeni amezitoa wapi fedha hizo? Tena katika miaka ya 1980 na 1990 machifu na manaibu wao walikwenda nyumba kwa nyumba wakidai harambee kama kodi, na mahali pengine kuku alichukuliwa badala ya kunadiwa. Mwaka 2003 serikali mpya iliunda jopo, chini ya Koigi wa Wamwere, lichunguze michango ya umma. Na sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka huo huo ikawakataza kutumia vyeo vyao kuchangisha.

Mwaka huo wa 2003 ulikuwa na mambo mawili mengine. Mwezi wa Januari elimu ya msingi ikawa bila malipo, na madarasa yakajaa pomoni. Halafu Bunge likapitisha sheria ya mfuko wa maendeleo ya maeneo ya ubunge, uliotengewa sehemu ya asilimia mbili na nusu ya mapato ya serikali. Tangu hapo darasa jipya katika shule ya msingi, Migosi au Turkana, aghalabu hujengwa kwa fedha za mfuko huo. Ni neema, nami nimefundisha katika madarasa yake. Lakini tazama kilichopotea. Fedha hushuka kutoka juu kama mvua, na mvua haina mwenyewe. Hakuna jina lililosomwa chini ya mti. Mzee wa Migosi hakumbuki kuchanga, ingawa amechanga kila aliponunua sukari na mafuta ya taa.

Mahakama zenyewe zilisumbuliwa na mfuko huu. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria yake ya mwaka 2013 ilipingana na Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua vivyo hivyo juu ya sheria ya 2015 iliyoifuata. Hoja kubwa yaeleweka hata na mtoto: mbunge amewekwa awakague watumiao fedha, akiwa yeye ndiye mtumiaji, nani atamkagua? Nawaachia wanasheria shauri hilo, maana mfuko wowote utakaokuja baadaye utajenga kuta za saruji ile ile, nazo zitataka wa kuzitazama.

Ushahidi kwamba raia wa kawaida aweza kuzitazama ulitoka Mombasa. Mwaka 2007 shirika la kutetea haki za binadamu liitwalo MUHURI liliwakusanya wakazi wa Changamwe ili waikague miradi ya mfuko huo katika eneo lao. Walisaidiwa na wenzao kutoka Rajasthan, nchini India, ambako wakulima na vibarua walikuwa wamefanya mabaraza ya hadhara tangu mwaka 1994, wakisoma kwa sauti hesabu za miradi mbele ya wale walioandikwa kuwa wamelipwa. Katika Changamwe ugumu wa kwanza ulikuwa kupata karatasi; ziliombwa mara nyingi kabla hazijatolewa. Zilipopatikana, wakazi walifundishwa kuzisoma: hapa ni makadirio, hapa ni malipo, hapa ni sahihi. Kisha wakaenda penye majengo wenyewe wakapima na kuulizana na majirani. Mwisho likafanyika baraza kubwa, na wenye mamlaka wakaulizwa hadharani. Hakuna hata mmoja katika wakaguzi hao aliyekuwa na cheti cha uhasibu.

Uganda walijaribu njia nyingine. Ilipochunguzwa safari ya ruzuku za shule za msingi kati ya 1991 na 1995, ilionekana kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha zile zilizifikia shule. Zilizosalia zilikwama wilayani. Serikali ikaanza kuyatangaza malipo katika magazeti, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani kiasi ilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilifika. Wataalamu wengine wamesema kwamba magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwani mageuzi mengine yalifanyika wakati ule ule, na nadhani wana haki. Karatasi ukutani haimkamati mtu. Humpa mzazi tu namba ya kuulizia.

Katika Kenya namba hiyo sasa ni haki ya raia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 201 chataka fedha za umma zitumiwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2016 ikaja sheria ya kuitekeleza ile haki ya habari. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutoa taarifa zake. Yote hayo ni mema, lakini lugha ya taarifa hizo ni ngumu, na anayezisoma huko Nairobi hajui kama mlango wa darasa unafunga.

Nitaongeza jambo nililoliona mwenyewe. Shule moja ambamo nalifundisha ilipata madarasa mawili na vyoo, na karatasi iliyobandikwa ofisini ilitaja mabati 96. Siku moja, katika somo la hesabu, naliwatoa wanafunzi nje wayahesabu mabati ya paa. Wakapata 72. Wakahesabu tena, 72. Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yangu, na Ijumaa iliyofuata walikuja wazazi kama kumi, na mbele yao fundi mmoja mzee aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wake.

"Mzee mwenyekiti," akasema kwa adabu, "hatukuja kugombana. Tunataka kujua mabati 24 yako wapi."

Mwenyekiti wa kamati ya mradi alikunja uso. Kisha akaingia ofisini, akatoka na faili, na bila kusema neno akatuongoza nyuma ya shule penye vyoo. Yule fundi akainua kidole, akahesabu taratibu: 20. Manne yalikuwa juu ya kibanda cha mlinzi, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka, hata mimi niliyepita hapo kila asubuhi. Mwenyekiti akafuta jasho. Fundi naye hakuondoka. Aliinama, akagonga sakafu ya choo kwa ufunguo wake, akasikiliza, akagonga tena mahali pengine, kisha akaomba aonyeshwe risiti za saruji.