Gare ya Likasi, 1992: kufukuzwa, na vidonda vya moyo vilivyobaki

LIKASI – Mtu aliyezaliwa Likasi baada ya mwaka 1993 anaweza kupita mbele ya gare kila siku bila kujua kwamba mahali pale palikuwa kambi. Wazee wanajua. Kuanzia mwezi wa tisa mwaka 1992, maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walilala pale kando ya reli, na wengine ndani ya shule za mji, wakingoja treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuwa wamefika hata siku moja.

Habari ya nyumba zilizochukuliwa na ya watu waliokufa imeelezwa mara nyingi. Habari ya mioyo iliyoumia imeelezwa kidogo. Lakini familia zilizofukuzwa, na hata majirani waliobaki, wangali wanaibeba mpaka leo.

Walikujaje Likasi?

Watu wa Kasai hawakuja Likasi kama wavamizi. Waliletwa na kazi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikosa mikono ya kutosha ya kuchimba na kuyeyusha shaba. Ikatafuta wafanyakazi katika vijiji vya Katanga, Kasai, Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya mpaka katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 ikaunganishwa mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya sasa, ikipita katikati ya Kasai. Tangu hapo safari ikawa rahisi zaidi.

Katika miaka hiyohiyo kampuni ilibadilisha desturi yake. Badala ya kumchukua mwanaume peke yake kwa miezi michache, ilitaka akae na mke wake na watoto kambini, apate posho, watoto wasome, wagonjwa watibiwe. Kwa hiyo katika Jadotville, kama mji ulivyoitwa mpaka 1966, watoto wa Kasai na watoto wa Katanga walizaliwa katika hospitali moja, wakacheza katika njia moja, wakasema Kiswahili kimoja. Wakakua, wakaoana.

Mara ya kwanza, na mara ya pili

Wakati wa kujitenga kwa Katanga, kuanzia mwezi wa saba mwaka 1960, Baluba walianza kuhesabiwa kama maadui. Mwaka 1961 makumi ya maelfu walikimbilia kambi moja ya Elisabethville, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, na mwaka uliofuata wengi wakarudishwa makwao. Mambo yakatulia. Wengine wakarudi kazini, wakajenga tena.

Miaka 30 baadaye shaba ilikuwa inaanguka. Mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka mwezi wa tisa mwaka 1990, na Gécamines ikazidi kudhoofika. Mishahara ikachelewa, vijana wakakosa kazi. Tarehe 15 mwezi wa nane mwaka 1992, Conférence Nationale Souveraine ya Kinshasa ilimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Jimbo, lililoitwa Shaba wakati huo, lilikuwa mikononi mwa liwali Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI. Katika mikutano watu walifundishwa kwamba Mkasai ndiye aliyekula kazi yao. Wakapewa hata jina la kuwaita majirani: bilulu, yaani wadudu.

Neno hilo lilifanya kazi kabla ya panga. Mtu akishaitwa mdudu, aliye karibu naye anaweza kumfukuza bila kuona haya. Likasi ikaanza kuwaka, na mwezi wa tatu mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Human Rights Watch iliandika mwaka huo kwamba chuki ile haikujizukia yenyewe. Ilichochewa na wenye mamlaka.

Maisha ya gare

Treni zilikuwa chache. Familia zilingoja majuma, nyingine miezi, huku mvua ikinyesha. Magonjwa yakaingia, na watoto wadogo ndio waliokufa kwanza. Makanisa na mashirika ya msaada, kati yao Médecins Sans Frontières, yalileta dawa na chakula. Treni ilipofika, watu walijazana mpaka ndani ya mabehewa ya mizigo, wakaenda kwa Tenke, Bukama na Kamina mpaka Mwene-Ditu na Kananga. Wengine walikufa njiani.

Jeraha la moyo lilianzia hapa. Kilio kina kazi yake: watu wanakusanyika, wanalala nje pamoja na wafiwa, wanalia, wanamsema marehemu, kisha maisha yanaanza tena. Mama aliyezika mtoto kando ya reli, akaitwa kupanda treni, hakupata kilio. Hakuna aliyemkalia. Huzuni isiyokaliwa haiishi. Inageuka kukosa usingizi, maumivu ya kifua, hasira na pombe.

Jeraha la pili lilikuwa la jina. Mfanyakazi aliyeheshimika kambini alifika Kasai kama mwombaji. Watoto wake hawakuijua vizuri Tshiluba, na huko wakachekwa kama watu wa Katanga. Likasi waliambiwa wao ni wageni. Walipofika "kwao" wakaonekana wageni tena. Ndoa za mchanganyiko nazo zilipasuka: mmoja alipanda treni, mmoja akabaki, na watoto wakagawanywa.

Jeraha la tatu liko kwa waliobaki. Wako waliowaficha majirani chini ya kitanda, na wako waliochukua nyumba zao. Wengi hawakufanya lolote, wakatazama tu. Kunyamaza kwao hakukuwapa amani.

Si Katanga peke yake

Likasi inawakumbuka watu wa Ireland, kwa sababu askari wao chini ya kamanda Pat Quinlan walizingirwa hapa mwezi wa tisa mwaka 1961. Katika nchi yao hiyo wako raia wanaoitwa Travellers, ambao tangu zamani waliishi kwa kuhamahama na kudharauliwa na majirani. Uchunguzi mkubwa wa afya uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanaume wa Travellers walijiua mara 6.6 zaidi kuliko wanaume wengine wa nchi. Hawakuwa na vita. Kubaguliwa kila siku, shuleni, kazini, dukani, kunatosha kuua. Mwaka 2017 serikali ya Ireland iliwatambua rasmi kama kabila. Kutambuliwa si dawa yote, lakini ndiko dawa inakoanzia.

Nini kimesaidia?

Mwaka 2000 chuo kikuu cha Lubumbashi kilianzisha kazi ya Mémoires de Lubumbashi, ambamo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake walikusanya maneno ya watu wa kawaida juu ya maisha yao, mazuri na machungu. Mzee anapoulizwa, akasikilizwa mpaka mwisho, mzigo wake unapungua.

Kwa wale ambao maneno hayatoshi, wako waganga wa kazi hiyo. Frères de la Charité wanaongoza kituo cha Joseph Guislain Lubumbashi, SOSAME Bukavu na Tulizo Letu Goma. Kwenda huko si kuwa mwenda wazimu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba katika nchi zenye vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana shida fulani ya akili.

Maongozi ambayo mashirika ya kimataifa yalikubaliana mwaka 2007 yanafuata utaratibu ambao hata bibi angeukubali. Kwanza usalama, chakula na mahali pa kulala. Pili, familia zisitenganishwe, watu wasali na kuomboleza kwa desturi zao. Tatu, mtu wa kusikiliza. Mwisho, daktari kwa wachache wanaomhitaji.

Tangu 1993 Katanga imeona wakimbizi wengine: wa Mitwaba, Manono na Pweto katika ile iliyoitwa pembe tatu ya kifo, na wa Kasai tena baada ya vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017. Treni ileile inawaleta, na maneno yaleyale yanaanza kusikika sokoni.

Kwa sababu hiyo historia ya gare ya Likasi inafaa kusimuliwa kwa watoto, wa pande zote mbili. Familia iliyofika jana haiombi mambo makubwa: iitwe kwa jina lake, ipewe nafasi ya kulia wafu wake, na mtoto wake asiitwe mdudu shuleni. Mwaka 1992 yote yalianzia kwenye neno hilo moja, na hakuna aliyelikataza.