Upasuaji wa kukaza mapaja: yale ya kujua kabla hujatoka Garsen

Mada ya leo ni ya chumbani, lakini nimeona nikiiacha huko watu wetu wataendelea kuumia kwa kuona haya.

Nina binamu yangu hapa Garsen, mama wa watoto wanne, ana hoteli ndogo karibu na stendi ya mabasi. Alikuwa mnene, kisha akapatikana na ugonjwa wa sukari. Akaacha soda na mahamri, akawa anatembea kila baada ya alfajiri, na kwa muda wa miaka miwili mwili ukapungua kweli. Sote tukamshangilia. Ambalo hakumwambia mtu ni kwamba ngozi ya mapaja, upande wa ndani, haikurudi pamoja na mwili. Ilibaki imening'inia, na kwa joto letu hili ikawa inasuguana mpaka inachubuka na kutoa vidonda. Alikuwa akihudumia wateja wake huku amejifunga vitambaa ndani ya dera.

Siku moja akanionyesha tangazo kwenye simu: kuna mahali Mombasa wanakaza mapaja, unaingia asubuhi unatoka jioni. Walishamtaka atume arubuni, na pesa za chama alikuwa nazo mkononi. Nikamwambia, "Dadangu, ngoja kwanza tuulize." Haya ndiyo tuliyoyapata kwa kuuliza madaktari na masheikh.

Ni upasuaji gani huu?

Daktari hukata na kuondoa ngozi iliyolegea kwenye mapaja, mara nyingi upande wa ndani, kisha huivuta iliyobaki na kuishona. Si jambo jipya. Daktari wa Marekani aitwaye Lewis aliandika kuuhusu mwaka 1957, na mwaka 1988 mwenzake Lockwood akaonyesha namna ya kuishikiza ngozi kwenye utando mgumu wa ndani ya kinena ili isiteremke tena.

Fahamu kwamba huu si upasuaji wa kupunguza unene. Anayefaa ni yule aliyekwisha kupungua na uzito wake ukatulia kwa miezi sita au zaidi. Ukishonwa leo kisha ukanenepa au ukakonda tena, kazi yote imeharibika. Anayetarajia kuzaa bado, ni bora angojee amalize.

Na kwetu pwani kuna jambo moja la kuangalia. Mguu mmoja ukivimba na mwingine uko sawa, usikimbilie kusema ni ngozi au mafuta. Huenda ikawa ni matende, maradhi yanayoletwa na mbu na ambayo yapo Tana River, Lamu, Kilifi na Kwale. Hayo yana matibabu yake, na upasuaji huu si dawa yake. Anzia hospitali iliyo karibu nawe, iwe Ngao au Hola, upimwe kwanza.

Kabla ya siku yenyewe

Daktari wa kweli atakupima damu, presha na sukari. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi vizuri na huingia uchafu haraka. Atakuuliza dawa zote unazotumia, nawe usimfiche hata za nyumbani: aspirini, habasoda, vidonge vya kitunguu saumu. Nyingine hufanya damu isigande upesi. Mvutaji sigara huambiwa aache wiki nne au zaidi kabla, kwa sababu moshi hupunguza damu inayofika kwenye ngozi. Anayetafuna miraa pia aseme, kwa maana dawa za usingizi na miraa si marafiki.

Siku ya upasuaji

Utalazwa usingizi kabisa au utachomwa ganzi ya uti wa mgongo. Kazi huchukua saa mbili au tatu, wakati mwingine zaidi. Ngozi ikiwa imelegea kidogo, mkato hufichwa kwenye mkunjo wa kinena. Ikiwa imelegea sana, mkato mwingine huteremka ndani ya paja hadi karibu na goti, na kovu hilo utakuwa nalo maisha. Huenda ukawekewa mirija midogo ya kutoa maji na damu, na utavishwa nguo maalumu ya kubana. Nguo hiyo huvaliwa wiki kadhaa, usiku na mchana. Fikiria basi kuivaa Garsen mwezi wa Februari.

Utaambiwa uinuke utembee hatua chache siku ile ile au kesho yake, ijapokuwa unaumwa. Si ukatili. Mtu akilala tu, damu huweza kuganda miguuni, na bonge likipanda hadi mapafuni huua.

Kurudi nyumbani

Hapa ndipo vitabu vya wazungu havitusaidii sana, kwa sababu havikuandikwa kwa mtu wa Garsen.

Kwanza, safari. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na Malindi hadi kwetu ni zaidi ya 100. Kukaa saa nyingi ndani ya basi miguu ikiwa imekunjwa kunaongeza hatari ya damu kuganda. Panga kukaa kwa jamaa karibu na hospitali mpaka daktari akuruhusu. Na tazama majira pia. Mwisho wa 2023 na tena 2024 mafuriko ya Tana yalitukatia barabara. Ukiwa na kidonda kilichofunguka na njia haipitiki, utafanya nini?

Pili, choo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchutama, na kuchutama kunavuta nyuzi pale pale kwenye kinena, mahali ambapo kidonda hupenda kufunguka. Tafuta kiti kilichotobolewa au choo cha kukalia. Kitanda nacho kiwe cha juu, si mkeka chini.

Tatu, maji. Kidonda kiko karibu na njia ya haja, kwa hivyo usafi ndio kila kitu. Maji ya mto yaliyochotwa kwa mtungi yasikiguse kabla ya kuchemshwa na kupoa, na hata hayo uyatumie kwa namna uliyoelekezwa na daktari. Baada ya kujitoharisha, kausha kwa kugusagusa kitambaa safi, usisugue.

Nne, bodaboda. Kupanda kwa kutanua miguu ni marufuku mpaka daktari aseme. Kazi nyepesi huweza kurudiwa baada ya wiki mbili hivi, lakini kubeba ndoo, kuinua sufuria kubwa na tendo la ndoa hungojewa wiki nne hadi sita. Bwana naye aelezwe mapema.

Uvimbe huchukua miezi kuisha, na kovu huchukua karibu mwaka kutulia. Ngozi yetu nyeusi ina tabia ya kufanya makovu yanayonyanyuka na kuota. Ukiwa umewahi kupata kovu la namna hiyo baada ya kutoboa sikio, mwambie daktari.

Yanayoweza kuharibika

Kidonda kufunguka, kuingia usaha, maji kujaa chini ya ngozi, ganzi isiyoisha upesi, kovu kuteremka, sehemu za siri kuvutwa, na mguu kuvimba kwa muda mrefu. Ukipata homa, harufu mbaya, uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, au pumzi kukata, usingoje kesho. Nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo.

Tusidhani ni hadithi. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta mwilini, na Baraza la Madaktari likakifunga kituo alichofanyiwa. Baraza hilo lina orodha ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa kwenye tovuti yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kutazama. Uliza mambo matatu: jina kamili la daktari atakayekata, kama ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na kama kituo kina leseni ya upasuaji na mtu wa dawa za usingizi. Gharama nazo uzitake kwa maandishi, na usitegemee bima kulipia urembo.

Dini yasemaje?

Mwaka 2007, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitofautisha mambo mawili. Kurekebisha kasoro au kuondoa jambo linalomdhuru mtu mwilini au moyoni kumeruhusiwa kwa masharti. Kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio tu hakukuruhusiwa. Ngozi inayochubuka na kutoa vidonda si sawa na kutaka paja la mtu uliyemwona kwenye picha, lakini kila mmoja apeleke hali yake kwa sheikh anayemwamini. Mgonjwa aweza kuswali kwa kukaa, kupangusa juu ya bandeji, au kutayamamu ikiwa maji yanamdhuru. Na mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike.

Tulivyomaliza

Tulienda mahali pale pa tangazo, binamu yangu na mimi. Nikauliza jina la daktari, nikaambiwa "daktari yuko njiani". Nikauliza leseni, nikaambiwa imepelekwa kufanyiwa upya. Binamu yangu akanitazama, akafunga mkoba wake, tukatoka. Arubuni hakuwa amelipa, alhamdulillahi.

Baadaye alionana na daktari bingwa aliyesajiliwa. Yule hakumwahidi kutoka jioni. Alimpima, akaikuta sukari iko juu, akamwambia arudi ikishatulia. Akampa pia dawa ya kupaka na kumfundisha kuvaa kaptura ndefu ya pamba ndani ya dera, na vidonda vikapungua sana. Pesa za chama bado anazo. Hajaamua kama atakatwa au la, na hakuna anayemharakisha.

Waswahili twasema kuuliza si ujinga. Basi ulizeni, mama zangu na dada zangu, kabla hamjatuma hata shilingi moja.