Jiwe la Mugere na Majina Yasiyochongwa: Kumbukumbu za Watangulizi katika Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Huko Mugere, kilomita zipatazo 10 kusini mwa Bujumbura, pana mwamba mkubwa uliochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25-XI-1871. Kutoka hapo barabara hufuata ziwa hadi Rumonge, ikiacha juu yake vilima vya Muhuta na Bugarama, zilizokuwa komini mbili zilizoondolewa Bujumbura Vijijini mwaka 2015 zikawa sehemu ya mkoa wa Rumonge uliokuwa mpya wakati huo. Makala haya yanahoji kwamba mwamba huo ni ushahidi wa safari ya kweli, lakini ni ushahidi pungufu, na kwamba pengo lake linaweza kuzibwa kwa maandishi yaliyokwisha kuchapishwa, bila kuligusa jiwe lenyewe.

Baadhi ya wageni huondoka Mugere wakiamini kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Sivyo. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania wa leo. Stanley aliandika kuwa ilikuwa tarehe 10 Novemba, lakini watafiti wameitilia shaka tarehe hiyo kwa sababu wasafiri wote wawili walikuwa wamepotewa na hesabu ya siku. Shaka hiyo hiyo, kwa haki, yapaswa kuiandama tarehe iliyochongwa Mugere.

La uzito zaidi ni namna safari yenyewe ilivyowezekana. Wataalamu wa jiografia wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka humo. Kama unatoka, Tanganyika lingeweza kuwa chimbuko mojawapo la mto Naili. Mfanyabiashara wa Ujiji, Sayd bin Majid, aliwaazima mtumbwi uliochongwa kwa gogo la mvule wa Ugoma. Walikuwamo wapiga makasia 16, Selim mkalimani, Ferajji mpishi, na viongozi wa njia wawili wa Kijiji. Uzige walipokewa na mtawala Mukamba. Ruhinga, kaka yake Mukamba, ndiye aliyewaeleza habari za mto huo: kwamba maji yake yanaingia ziwani. Kisha ndipo wageni walipopanda mtumbwi kwenda mlangoni mwa Rusizi kujionea. Yote haya yamo katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872. Kwa hiyo kilichoitwa ugunduzi kilikuwa uthibitisho wa jambo ambalo mwenyeji alikwisha kulisema, na Stanley mwenyewe hakuficha. Aliyeficha ni mchongaji wa jiwe.

Mfano wa kulinganisha unapatikana katika kaburi la Livingstone mwenyewe, au tuseme makaburi yake mawili. Alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, moyo wake ulizikwa chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright akachonga maandishi katika shina. Hakuchonga jina la marehemu peke yake. Aliongeza majina matatu ya wenzake katika msafara, ambayo kwa kawaida husomwa kuwa ni ya Susi, Manwa Sera na Chowpere. Mwaka 1899 kipande hicho cha shina kilikatwa na kupelekwa London kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia, na mwaka 1902 mnara ukasimamishwa mahali pa mti. Mwili, uliobebwa na Susi, Chuma na wenzao hadi Bagamoyo, ulizikwa Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Jiwe la huko linakiri kwamba mikono miaminifu ndiyo iliyouleta, ila haliitaji kwa majina. Mwafrika aliyeshika kisu aliwaandika wenzake. Waliochonga marumaru hawakuona haja.

Rumonge ina historia yake nzito zaidi. Mwaka 1879, karibu miaka 20 kabla ya Wajerumani kujenga kituo cha Usumbura, Wamisionari wa Afrika waliotumwa na Kadinali Lavigerie walifungua hapo misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Burundi ya leo. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao mlei d'Hoop, waliuawa na Wabikari katika ugomvi uliohusu mtoto aliyekuwa chini ya ulezi wa misheni. Kituo kiliachwa, na shirika hilo halikuweka makao ya kudumu nchini hadi lilipofika Muyaga mwaka 1898. Kanisa lina haki ya kuwakumbuka wafu wake. Lakini katika masimulizi mengi Wabikari hutokea mara moja tu, kama wauaji, na mtoto yule hana jina kabisa. Kumbukumbu yoyote ya Rumonge isiyoeleza walidai nini kuhusu mtoto huyo itakuwa imeandika nusu ya kesi.

Isidhaniwe kwamba Warundi hawakuwa na desturi ya kuweka alama. Wafalme walizikwa katika misitu iliyotunzwa na walinzi wa ukoo maalumu wa Abanyange, na maskani yao ya zamani hutambulika kwa vichaka vya mivumu viitwavyo ibigabiro. Alama hizo hazina maandishi. Zinahitaji mtu wa kuzisoma, na akifa bila kurithisha, hubaki miti tu. Hapa jiwe lina faida, na sera ya urithi isione aibu kuitumia.

Mwamba wa Mugere, basi, uachwe ulivyo, na pembeni yake liwekwe bango la Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Litangulize kwamba huu ni uwanja wa Mukamba, na kwamba mkutano maarufu ulifanyika Ujiji. Limtaje Ruhinga kama chanzo cha habari za Rusizi, na Sayd bin Majid kama mwenye mtumbwi. Selim na Ferajji waandikwe kwa majina yao, na wapiga makasia 16 watajwe kwa idadi.