Vumbi la chai na alama ya Ex: Kanuni za Ulaya na viwanda vya Kapkatet

Jani bichi la chai likifika kiwandani, iwe Kapkatet au kwingineko katika nyanda za Kericho na Bomet, hunyaushwa, husagwa, huachwa ligeuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa moto hadi unyevu wake ubakie takriban asilimia 3. Kuanzia hapo huwa ni kitu chepesi kushika moto. Katika chumba cha kuchagulia chai, chekeche zinapotikisika, vumbi laini hupaa na kutua juu ya mota, taa na boriti.

Vumbi lililotulia huungua polepole. Likitimka hewani ndani ya chumba kilichofungwa, cheche moja yaweza kulilipua. Mlipuko wa pili ndio huua zaidi, kwani ule wa kwanza, hata ukiwa mdogo, hupukusa vumbi lililorundikana juu kwa miezi. Ndivyo ilivyotokea katika kiwanda cha Imperial Sugar, jimbo la Georgia nchini Marekani, Februari 7, 2008. Vumbi la sukari liliwaua watu 14.

Umoja wa Ulaya unashughulikia hatari hii kwa maagizo mawili yajulikanayo kama ATEX, jina litokanalo na maneno ya Kifaransa. Agizo 1999/92/EC humfunga mwajiri, nalo 2014/34/EU, lililoanza kutumika Aprili 20, 2016 mahali pa lile la 1994, humfunga mtengenezaji wa vifaa. Mwajiri huyagawa maeneo ya vumbi: 20 ni pale wingu la vumbi liko daima au mara nyingi, kama ndani ya mtambo, 21 ni pale laweza kutokea mara kwa mara kazini, 22 ni pale halitarajiwi, na likitokea halidumu.

Kifaa huonyesha kinakofaa. Mota yenye alama ya Ex ndani ya umbo la pembe sita, ikifuatwa na II 2D na T125°C, si ya migodini, yafaa eneo la 21, ni ya vumbi, na uso wake hauzidi nyuzi 125.

Maagizo hayo hayana nguvu ya sheria nchini Kenya. Hapa kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ambayo pia humtaka mwajiri azuie vumbi la kulipuka na kuliepusha na chochote kiwezacho kuliwasha. Kwa hivyo meneja anayeagiza mota Ulaya hana budi kutaja eneo itakamofanyia kazi; asipotaja, aweza kuletewa ya kawaida.

Tatizo huanza baadaye. Mota ikiungua, fundi wa mjini huifunga waya upya, huziba tundu la kebo kwa kifaa chochote alicho nacho, na kuirudisha. Kibandiko cha Ex kingali pale pale, ilhali kinga iliyothibitishwa imekwisha. Kufagia kwa hewa ya kushindiliwa nako hulirusha vumbi hewani. Afadhali mashine ya kulifyonza, nayo iwe ya aina iyo hiyo ya Ex.