Kabla ya bando: faili lilivyokuwa likifika Kariakoo

Chukua kalamu tupige hesabu. Faili la MB 700, yaani CD moja iliyojaa, linashuka kwenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde. Jibu ni kama saa 24, tena kama hakuna mwingine anayetumia laini hiyo na umeme haujakatika. Kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi, intaneti yetu ya nje ilipita zaidi kwenye setilaiti, ghali na ya kusuasua, na intaneti kafe ikaigawa kwa kompyuta zote za ukumbini. Umefika MB 690, umeme huo umeondoka. Unaanza upya.

Ndiyo maana mtu wa Mnazi Mmoja au Kariakoo aliyetaka programu, muvi au albamu hakuisubiri kwenye waya. Alimtafuta aliyenayo. Mmoja alishapakua usiku, au kaletewa CD na ndugu aliyetoka nje. Wengine wakachoma nakala, na nakala nayo ikachomwa. Simu zenye memori kadi zilipoenea, kazi ikahamia vibandani: unampa kijana kadi yako, anakujazia nyimbo, unalipa. Ukitoka nje unamrushia rafiki kwa Bluetooth, bure. Chanzo kimoja, halafu mkono kwa mkono.

Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa BitTorrent, na ukiitazama vizuri ni kibanda hicho hicho kilichowekwa kwenye waya. Faili linakatwa vipande, na kila anayepakua anawagawia wenzake vipande alivyokwisha kupata. Kila kipande kina alama yake ya kihesabu, kwa hiyo hata ukikipata kwa mtu usiyemjua, kompyuta inakikagua. Kikiwa kimechakachuliwa kinatupwa. (Vibanda vyetu havikuwa na ukaguzi huo. Flashi ilileta nyimbo na virusi kwa pamoja.)

Tatizo ni kwamba wenye faili wote wakizima kompyuta, faili limekufa. Seva ya tovuti yenyewe iko macho muda wote, ila wakija wengi inazidiwa. Basi kwa nini tusitumie vyote viwili? Yalitokea mapendekezo mawili, la John Hoffman na la Michael Burford, mtengenezaji wa programu ya kupakulia iitwayo GetRight. La Hoffman lilihitaji seva iwekewe programu maalumu. La Burford, ambalo mimi naliona ndilo la akili zaidi, lilihitaji tu anwani ya tovuti iandikwe ndani ya faili la torenti. Seva ya kawaida inatosha, kwani HTTP 1.1, tangu mwaka 1997, inaruhusu kuomba sehemu tu ya faili. Wenzako wakiwa na kipande unachukua kwao. Wasipokuwa nacho, programu inakifuata kwenye seva. Mwaka 2012 maktaba ya Internet Archive ilianza kutoa torenti za namna hii, zaidi ya milioni moja.

Sasa mbona hapa Dar njia hii haikushika kama kibanda? Sababu ni bando. Torenti inakutaka upakie pia, na kupakia nako kunakula bando. Ukarimu unalipiwa. Halafu mitandao ya simu huweka simu nyingi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mwenzako wa nje hawezi kuanzisha mawasiliano na simu yako. Unabaki kupokea zaidi kuliko kutoa. Hapo anwani ya tovuti ndani ya torenti inaokoa, maana bila hiyo ungeweza kukaa unatazama asilimia sifuri. Bluetooth, na baadaye Xender, hazina gharama hiyo: data haitoki nje ya chumba.

Tusijisifu sana lakini. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, ilikuwepo wakati wote huo, na msanii ambaye nyimbo zake zilijaza kadi zile kibandani mara nyingi hakuona hata senti. Mfumo uliosambaza nyimbo yake kutoka Kariakoo hadi mikoani kwa siku chache haukuwa na njia ya kurudisha hela.