Mpira wa Kupumulia

Kwa miaka thelathini nilikuwa mwalimu wa historia, na kila mwanzo wa muhula niliwaandikia wanafunzi wangu ubaoni maneno mawili: chanzo na kisingizio. Niliwaambia kwamba mtu asiyejua kuyatenganisha mambo hayo atasoma vitabu vyote vya historia na asijifunze kitu. Basi msomaji asishangae nikimweleza kwamba somo hilo mimi mwenyewe nilikuja kulielewa nikiwa karibu kustaafu, chini ya mwembe wa gereji moja mjini Morogoro, na kwamba kilichonifundisha ni kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono.

Kisa changu hakitaeleweka bila kwanza kujua jinsi injini inavyopumua. Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kushuka, na juu yake petroli huwaka. Pistoni ina ringi za kuzuia moto usipite kando yake, lakini hakuna ringi duniani inayoziba kabisa. Kila mwako hupenyeza gesi kidogo hadi chini, katika tumbo la injini, mahali kranki inapozungukia na oili inapokaa. Gesi hiyo imebeba petroli isiyoungua, mvuke wa maji na masizi. Ikikaa humo huigeuza oili kuwa tope. Ikizidi, hutafuta pa kutokea, na ikikosa mlango itavunja dirisha: itaisukuma oili ipite kwenye sili, au itakirusha nje kile kijiti cha kupimia oili.

Watengenezaji wa magari wa zamani walilimaliza jambo hili kwa njia rahisi. Walitoboa injini, wakachomeka bomba la chuma lililoelekea chini, barabarani. Gari likienda mbio, upepo uliopita mdomoni mwa bomba ulizivuta gesi zile nje. Gari likisimama, hakuna kilichovutwa. Kwa miongo mingi magari ya dunia yalipumua hivyo, yakiacha mstari wa oili katikati ya njia, na hakuna aliyeuliza uchafu ule unakwenda wapi. Njia ilikuwa ya wote, kwa hiyo haikuwa ya mtu.

Swali hilo lilikuja kuulizwa katika mji wa Los Angeles, nchini Marekani, ambako tangu miaka ya 1940 ukungu wa rangi ya kahawia uliwawasha watu macho na kuharibu mboga mashambani. Mtu aliyefumbua fumbo lake hakuwa fundi wa magari hata kidogo. Alikuwa mwanakemia Mholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza harufu ya mananasi katika taasisi ya Caltech, mjini Pasadena. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba ukungu ule haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa mvuke wa petroli na gesi nyingine za magari na viwanda, zikipikwa pamoja na jua. Wataalamu walipoyapima magari yenyewe, waligundua kwamba takriban sehemu moja kwa tano ya mvuke wa petroli uliotoka kwenye gari haikupita kwenye ekzosi kamwe. Ilitoka kwa lile bomba dogo la chini ambalo hakuna aliyelitazama.

Dawa yake ilikuwapo tayari. Magari ya kijeshi aina ya jeep ya wakati wa Vita Vikuu vya Pili yalikuwa na valvu ndogo na bomba lililozirudisha gesi hizo kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, ili injini izivute na kuziunguza upya. Magari mapya ya modeli ya 1961 yaliyouzwa California yakawekewa mpango huo, na ilipofika modeli ya 1963 ukaenea Marekani nzima. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza kubwa ya kupunguza uchafu wa magari, nayo ilitangulia kwa miaka mingi vile vichujio vya kwenye ekzosi vinavyosifiwa leo. Kwa mara ya kwanza injini iliambiwa: pumzi yako chafu ni yako, imeze mwenyewe.

Lakini hapo ndipo turbo ilipoleta ugomvi. Wazo la turbo lilikuwa la zamani; mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia hataza mwaka 1905. Gesi za ekzosi huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha jingine linaloishindilia hewa ndani ya injini. Marekani ilitoa magari madogo yenye turbo mwaka 1962, yaani Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Ulaya ikafuata kwa BMW 2002 Turbo mwaka 1973, Porsche 911 Turbo mwaka 1974, na Saab 99 Turbo mwaka 1977. Sisi wa Afrika Mashariki turbo tuliijua kwa vumbi na kelele. Katika mashindano ya Safari Rally nchini Kenya, Toyota Celica yenye turbo ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, na vijana wengi wa wakati ule waliapa kwamba siku moja nao watamiliki gari la namna hiyo. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Ugomvi wenyewe ni huu. Injini ya kawaida huvuta hewa, kwa hiyo manifoldi yake ni kama mdomo unaofyonza, na kurudisha gesi humo ni kazi nyepesi. Injini ya turbo nayo hufyonza ikiwa imetulia, lakini ukikanyaga mafuta, manifoldi hujaa hewa ya kushindiliwa na mdomo uliokuwa ukifyonza sasa unapuliza. Kama njia ni ile ile moja, hewa ya turbo itateremka tumboni mwa injini na kulivimbisha. Ndiyo sababu injini hizi zina njia mbili. Ya kwanza ina valvu inayofunga mara turbo inapoanza kazi. Ya pili huzipeleka gesi kwenye bomba la hewa lililo kabla ya turbo, ambako daima kuna mvuto. Njia zote mbili, katika magari mengi, ni mipira. Hukaa kwenye joto kali na mvuke wa oili mwaka baada ya mwaka, hata ikakauka na kupasuka, au ikalainika na kubonyea.

Hata makampuni makubwa yalijifunza hili kwa gharama. Baadhi ya magari ya Saab 9-3 na 9-5 ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yalipatwa na tope la oili, na kampuni hiyo ya Sweden ikatoa seti mpya za mipira na valvu za kupumulia, ikizirekebisha mara kadhaa. Baadaye ikarefusha dhamana ya injini hizo kwa ajili ya tope hilo hadi miaka minane. Injini nzima ziliokolewa au ziliangamia kwa ajili ya mipira ambayo mwenye gari hakuwahi kuiona.

Sasa nirudi kwangu. Mwaka 2010 ndoto yangu ya ujana ilitimia: nilinunua gari dogo lililotumika, kutoka Japani, lenye turbo. Fundi wangu alikuwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa maneno machache. Siku moja aliufungua mdomo wa oili injini ikiwa inanguruma polepole, akachana karatasi kutoka kwenye daftari langu la masomo, akaiweka juu ya tundu. Karatasi ikarukaruka, kisha ikapeperuka.

“Mwalimu, injini nzima huishika karatasi hii,” aliniambia. “Hii yako inaitema. Mpira wa kupumulia umekwisha. Agiza wa kwake, ule wa kuhimili oili.”

Nilipoambiwa bei ya mpira ule nilicheka. Nikaenda dukani mwenyewe, nikanunua kipande cha mpira wa radieta wenye upana ule ule, kwa bei ya soda chache. Mzee aliutazama, akautikisa kichwa. Aliniambia kwamba mpira wa maji hauivumilii oili. Nilimjibu kwamba mpira ni mpira. “Gari ni lako, Mwalimu,” akasema, akaufunga.

Miezi minne baadaye, nikiwa njiani kwenda Iringa, nilianza kuupanda mlima Kitonga na kwenye kioo nikaona wingu la buluu nyuma yangu. Nilirudi Morogoro kwa mwendo wa pole, na hasira yangu ikiongezeka kila kijiji. Nilishuka mbele ya gereji ya mzee, mbele ya vijana wake wote na wateja wawili, nikasema kwa sauti kwamba ameibadilisha turbo yangu nzima akaniwekea mbovu. Hakujibu. Aliendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa.

Nikalipeleka gari kwenye gereji kubwa ya mbali. Huko walinithibitishia nilichotaka kusikia: turbo imekufa. Nilinunua nyingine kwa mshahara wangu wa miezi mitatu. Baada ya wiki tano moshi wa buluu ulirudi.

Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja aliyekuwa zamani mwanafunzi wa yule mzee. Hakuigusa turbo. Alichana karatasi, akaiweka kwenye tundu la oili, ikatemwa kama risasi. Kisha akauchomoa mpira wangu wa radieta. Ulikuwa umevimba na kulainika kama utumbo wa mbuzi, na mahali ulipopinda ulikuwa umebonyea hata kidole hakipiti. Kijana akanieleza kwa upole. Oili inayolainisha turbo haisukumwi kurudi. Hushuka yenyewe, kwa uzito wake, hadi tumboni mwa injini. Tumbo likijaa gesi, oili haina pa kushukia. Inarundikana ndani ya turbo, inapita kwenye sili, inaungua, inatoa moshi wa buluu. Turbo ya kwanza huenda haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeiadhibu iliyopiga kelele, na kukiacha kilichonyamaza.

Tulitafuta mpira wa kweli. Wengine hupenda ile ya silikoni yenye rangi za kupendeza, lakini silikoni tupu hupitisha oili polepole, ikaloa nje. Inayofaa ni yenye bitana ya ndani ya mpira wa florini, uliovumbuliwa kwa ajili ya joto na mafuta na kuingia sokoni katika miaka ya 1950. Njia inayokwenda kwenye turbo ilihitaji mpira mgumu usiobonyezwa na mvuto, na valvu ya njia ya kwanza tuliweka mpya. Kijana aliniuliza kama ningependa kuuachia mpira wazi, upumulie chini ya gari, kama wafanyavyo baadhi ya wapenda mbio. Nikakataa. Nilishasoma habari za Los Angeles, na barabara ya Morogoro nayo ina watu pembeni yake.

Gari lilipona. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Nilikwenda kwa mzee jioni, wakati vijana wameondoka, nikiwa na bahasha ya fedha mfukoni na ule mpira uliovimba mkononi. Nikamwomba radhi. Aliupokea mpira, akauminya, akanirudishia.

“Fedha yako kaa nayo,” alisema. “Ulinisema mbele ya vijana wangu, Mwalimu. Njoo kesho saa tatu, wakiwapo.”

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, na bado nilihesabu visingizio: shule, mkutano, mvua. Saa tatu nilikuwapo. Nilisimama chini ya mwembe, nikauinua mpira wote wauone, nikasema kwamba mimi ndiye niliyeununua, mzee alinikataza, na nikamwita mwizi kwa kosa langu mwenyewe. Vijana walitazama chini. Mzee alitazama mti.

Kisha mdogo wao, mwenye miaka kama kumi na sita, akaniuliza kwa nini basi mpira ule usitupwe kabisa, injini ipumue nje tu, tuepuke taabu. Nilianza kumjibu, nikajikuta nimefika kwenye ukungu wa California na yule bwana wa mananasi. Walikuwa wamekaa juu ya matairi, wakisikiliza. Nilipomaliza, mzee aliinuka, akaenda kwenye gari langu, akaufungua mdomo wa oili.

“Washa,” aliniambia. “Na unipe karatasi.”

Karatasi ilitulia juu ya tundu, ikavutwa kidogo katikati, ikakaa.